Nahodha Miongoni mwa Abiria

Tarehe 4 Desemba 1959, televisheni ya CBS ya Marekani ilionyesha mchezo ulioitwa Judgment Night, yaani Usiku wa Hukumu. Ulikuwa mmoja katika mfululizo wa michezo ya ajabu na vitisho, The Twilight Zone, ambamo kila mchezo una kisa chake na watu wake. Mtungaji wake, Rod Serling, alikuwa askari wa miavuli katika Vita Kuu ya Pili. Tanganyika ilikuwa bado chini ya udhamini, na Bara haikupata televisheni hadi miaka ya 1990. Hata hivyo kisa hiki chafaa kupimwa katika maji ya Busisi, maana chahusu deni la mwenye chombo kwa wale aliowapakia.

Mwaka ni 1942. Mtu aitwaye Lanser ajikuta juu ya sitaha ya meli ya Kiingereza katika ukungu, asijue alivyopanda. Humo mna wanaume, wanawake na watoto. Jambo moja tu analijua: saa saba na robo usiku msiba utatokea. Saa ilipotimia, nyambizi ya Kijerumani yaibuka na kuipiga meli mizinga. Naye akitazama kwa darubini, aona kuwa nahodha wa nyambizi ni yeye mwenyewe. Afisa wake kijana alikuwa ameuliza kama Mungu hatawahukumu kwa kuwaua watu pasipo kuwaonya. Jibu ndilo hilo: Lanser atapanda meli ile kila usiku, milele.

Uchawi wote wa mchezo ni kumtoa mtu mmoja mahali pake na kumweka mahali pa wale aliowadhuru. Je, historia ya ziwa letu yasemaje?

Busisi iko Sengerema, ikitazamana na Kigongo ya Misungwi ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza. Kwa miaka mingi, waliosafiri kati ya Mwanza na Geita kwa njia hiyo walingoja pantoni: mfanyabiashara na bidhaa zake, basi na abiria wake, mgonjwa aliyepelekwa Bugando. Mvukaji hapimi uzito wa shehena wala hakagui mitambo. Hana budi kuamini kuwa wenye kazi hiyo wameifanya.

Imani hiyo ilivunjwa mara mbili katika ziwa hili. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba, ilizama karibu na Mwanza. Ilikuwa na nafasi ya abiria 430 hivi, na hesabu nyingi zataja waliokufa kuwa zaidi ya 800. Idadi kamili haijulikani, kwa sababu abiria wa madaraja ya juu walikuwa na orodha, lakini wa daraja la tatu hawakuandikwa. Tena tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka ikikaribia gati la kisiwa cha Ukara. Kivuko hicho kiliruhusiwa kuchukua watu 101. Waliokufa walikuwa 228. Rais John Magufuli alilitangazia taifa kuwa nahodha hakuwamo chomboni, bali alimwachia usukani mtu asiye na mafunzo.

Basi hapa historia yaachana na mchezo. Serling alimrudisha nahodha miongoni mwa abiria. Ukara, nahodha hakuwamo kabisa. Lakini tusidhani kuwa adhabu ya mtu mmoja ingetosha. Chombo hakijai kupita kiasi kwa mkono mmoja. Yuko aliyeuza tiketi ya ziada, yuko aliyeona shehena akanyamaza, yuko aliyepaswa kukagua asikague. Kisa cha kutisha hutuliza moyo kwa kumtaja mkosaji mmoja na kumlipa haki yake. Historia yatutaka tuwatazame wote, na hilo ni zito zaidi.

Tarehe 19 Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alifungua daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilometa 3, kati ya Kigongo na Busisi. Kungoja pantoni mahali hapo kumekwisha, nayo ni neema kubwa. Lakini watu wa visiwani wangali wakivuka kwa vyombo, na mwenye kupita darajani kwa dakika chache aweza kusahau upesi kwamba watu walivuka maji haya wakiwa wameweka roho zao mikononi mwa wengine.

Kwa hiyo iko kazi inayowangoja wanafunzi wa historia, hasa wa mikoa ya Mwanza na Kagera. Ndugu za abiria wa daraja la tatu wa mwaka 1996 wangali hai wengi wao. Wanajua nani alipanda, alibeba nini, alikuwa akienda wapi. Na waulizwe, majina yaandikwe, ili orodha iliyokosekana siku ile ipatikane kabla mashahidi hawajatutoka.