Bure, Huru na Huria: Mvutano wa Istilahi katika Programu za Kompyuta

Mfasiri akutanapo na neno la Kiingereza 'free' hana budi kujiuliza swali ambalo Mwingereza mwenyewe aweza kulipuuza: je, chasemwa kitu kisicholipiwa, au kitu kisichofungwa? Kiswahili kimezitenga maana hizo tangu zamani. Maji ya mvua ni ya bure. Mtu asiye mtumwa ni huru, na hiyo ndiyo maana ya asili ya neno hilo katika Kiarabu tulikolitoa.

Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman, wa maabara ya chuo cha MIT, alitangaza azma ya kuunda mfumo wa kompyuta, GNU, ambao kila mtu angeruhusiwa kuutumia, kuuchunguza, kuurekebisha na kuwagawia wengine. Alichukizwa na desturi ya makampuni kuuza programu huku yakificha msimbo wake, yaani maandishi ya asili ambayo mtaalamu huyasoma na kuyasahihisha. Leseni iliyotolewa mwaka 1989 iliweka sharti kwamba anayeisambaza programu, hata akiwa ameirekebisha, awaachie wapokeaji haki zile zile alizopewa yeye. Kuuza hakukukatazwa. Kwa hiyo kuiita 'programu ya bure' ni kosa la maana, wala si la mtindo tu.

Wafanyabiashara wengi hawakulipenda neno hilo. Lilisikika kama bidhaa isiyo na bei, au kama siasa. Mwaka 1998, baada ya kampuni ya Netscape kutangaza kwamba itaufungua msimbo wa programu yake ya intaneti, wataalamu kadhaa walikutana California wakalikubali jina lililopendekezwa na Christine Peterson, yaani 'chanzo wazi'. Leseni zilikuwa karibu zile zile. Kilichobadilika ni hoja: ubora na unafuu vilisifiwa, haki ya mtumiaji ikanyamaziwa. Stallman alilikataa.

Kibiashara jina jipya lilifaulu mno. Mwaka 2019 IBM iliinunua Red Hat kwa dola bilioni 34. Lakini mwaka 2018 MongoDB ilibadili leseni yake, na HashiCorp ikafanya hivyo mwaka 2023, ili kuwabana washindani waliokuwa wakiuza huduma kwa programu hizo hizo. (Malalamiko yao hayakukosa msingi: aliyelima si yeye aliyekuwa akivuna.) Msimbo ulibaki ukionekana na kila mtu, kilichopunguzwa ni ruhusa ya kuutumia.

Nasi jambo hili latuhusu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice kwa Kiswahili, na haukuhitaji kumpigia mtu magoti, kwa kuwa leseni ilikwisha kuruhusu. Uhuru ni huo. Wengi wetu sasa huandika 'programu huria', neno lililokwisha kubeba Chuo Kikuu Huria na soko huria. Ni neno zuri, ila lafunika ugomvi wote, kwani uhuria wa soko ni wa muuzaji, ilhali Stallman alimtetea mtumiaji.

Yafaa basi 'programu huru' itumike panapokusudiwa haki, 'chanzo wazi' pawe jina la kundi la mwaka 1998, na programu ambayo msimbo wake waonekana tu iitwe 'ya msimbo bayana'. Mtumishi wa serikali anayeandaa hati ya zabuni asitosheke na jina lolote kati ya hayo. Aandike kwamba idara itakuwa na haki ya kuitumia programu kwa kazi yoyote, kuuchunguza msimbo, kuurekebisha, na kuwapa wengine nakala, iwe imerekebishwa au la.