Kahawa chotara ya Mbozi: Ukoo wake ulianzia kisiwani Timor

Mkulima wa Igamba, wilayani Mbozi, anayepanda kahawa chotara ana mti wenye ukoo wa mbali. Babu yake mmoja ni kahawa iliyoonekana kisiwani Timor, kusini mashariki mwa Asia, mwaka 1927.

Kisiwani huko, arabika na robusta zilichavushana zenyewe. Kwa kawaida ni vigumu, maana arabika ina kromosomu 44 na robusta 22. Lakini mti uliopatikana ulikuwa na 44, hivyo uliweza kuzalishwa tena na arabika. Kutoka robusta ulirithi ukinzani wa magonjwa.

Wataalamu wa Ureno waliuchanganya na aina fupi ya Caturra mwaka 1959, ikapatikana Catimor. Kenya nayo ilitumia Catimor kupata Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985.

Tanzania ilifanyaje?

Aina za zamani za Lyamungu, Kilimanjaro, kama N39 na KP423, zilisifika kwa ladha, ila ziliugua sana. Kutu ya majani huacha unga wa rangi ya chungwa chini ya jani, kisha jani linapukutika. Chulebuni huweka madoa meusi kwenye punje mbichi, zikaoza au kudondoka. Dawa za kupulizia zilimla mkulima hela.

Watafiti wakazichanganya aina hizo na chotara wa Timor pamoja na Rume Sudan, kahawa yenye asili ya eneo ambalo sasa ni Sudan Kusini. Mwaka 2005, Taasisi ya Utafiti wa Kahawa (TaCRI) ilianza kutoa aina chotara zinazostahimili magonjwa yote mawili. Kituo chake cha Mbimba kipo Mbozi hukohuko.

Je, unaweza kuchuma mbegu shambani kwako ukaotesha?

Hapana. Mbegu ya chotara haizai watoto wanaofanana na mama. Mche mmoja utastahimili, wa jirani yake utaugua, na kwa macho huwezi kuwatofautisha kitaluni. Kahawa huchukua takribani miaka mitatu kuanza kuzaa, kwa hiyo utagundua kosa umeshachelewa.

Ndiyo maana chotara huzalishwa kwa vikonyo, yaani vipande vya shina changa vinavyooteshwa mizizi, au kwa kubebesha. Kabla ya kununua miche, uliza: ni ya vikonyo, na imetoka bustani mama gani?