Meli Iliyotuhesabu

Siku za uhakiki watu wengi hapa kambini hununa. Unaamka saa kumi na moja, unapanga mstari na watoto, unatoa kadi, unabonyeza vidole kwenye mashine, na kijana wa mezani anakuuliza tena mume wako yuko wapi. Nimesikia wazee wakisema, "Kwani sisi mbuzi? Kila wakati kuhesabiwa!" Na mimi nimeshasema hivyo hivyo, sikatai. Lakini nikikumbuka ziwa, ulimi unakuwa mzito. Historia ya Tanganyika, ukiisoma kutoka upande wa abiria, ni historia ya nani alihesabiwa na nani hakuhesabiwa.

Vitabu havianzi na abiria. Vinaanza na mashujaa. Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Ujiji, wakapata mitumbwi, wakapanda nayo hadi Uvira ili wajue kama mto Ruzizi unatoka ziwani kwenda Nile. Wakaambiwa huko kwamba mto unaingia ziwani, hautoki. (Mvuvi yeyote wa Uvira anajua hilo kabla hajaota meno ya pili.) Safari yao imeandikwa ukurasa kwa ukurasa, upepo, mvua, homa na hasira. Wapiga kasia waliowabeba juu ya maji yale wengi wao hatujui hata majina.

Halafu ikaja ile meli. Mwaka 1913 Wajerumani waliiunda mjini Papenburg, kwenye karakana ya Meyer, wakaiita Graf von Goetzen. Baada ya kuiunda wakaifungua yote, wakaipakia kwenye masanduku kama 5,000, yakaja kwa bahari hadi Dar es Salaam na kutoka hapo kwa reli mpya hadi Kigoma. Huko ikaunganishwa tena, msumari kwa msumari, na mwaka 1915 ikaingia ziwani ikiwa na urefu wa mita 70 hivi. Vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vimeshaanza. Wakaifunga mizinga, na kwa muda ikawa ndiyo bwana wa ziwa.

Waingereza nao wakaleta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, wakazivuta nchi kavu kupitia Kongo, milimani na porini, kwa mashine za mvuke, kwa ng'ombe na kwa mikono ya watu weusi wengi sana, mpaka karibu na mji ambao leo ni Kalemie. Desemba 1915 boti hizo zikaiteka Kingani ya Wajerumani, na Februari 1916 zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Wazungu wanaipenda hadithi hii, na kweli inasisimua. Ila nikiisoma, macho yangu yanabaki kwa waliovuta kamba. Waliofia njiani waliandikwa wapi?

Kitu ninachokipenda zaidi katika kisa chote ni grisi. Julai 1916 Wajerumani walipokuwa wanaikimbia Kigoma, waliamriwa kuizamisha Goetzen isichukuliwe na adui. Mafundi watatu waliokuja nayo kutoka Papenburg walifanya kazi hiyo, lakini kwanza wakazipaka injini grisi nzito kila mahali, ndipo wakaiacha ishuke taratibu karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Mtu anayezamisha chombo huku anakitunza, huyo anajua kwamba vita vitakwisha na watu watataka kusafiri. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, wakakuta injini bado zinafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya, Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa upande wa kusini. Miaka ya sabini wakaitoa mvuke, wakaiwekea dizeli. Imebeba dagaa, mahindi, maharusi, wagonjwa na maiti, kutoka Kigoma hadi Mpulungu kule Zambia. Vijiji vingi njiani havikuwa na gati, kwa hiyo Liemba ilikuwa ikisimama mbali kidogo, mitumbwi ikiifuata kwa kelele, watu wakipanda na kushuka katikati ya maji.

Mwaka 1997 ilibeba Wakongo kuwarudisha Uvira, baada ya Mobutu kuanguka. Majirani zetu wengine walirudi nayo. Baadhi yao walivuka tena kuja huku mwaka uliofuata, na mara hiyo hawakuja na Liemba.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Sisi wa Fizi, Baraka na Uvira tulivuka na mashua. Mwishoni mwa 1996 familia yangu ilipanda usiku, mashua ya mbao yenye injini moja, na nahodha alisimama mlangoni akihesabu nauli. Alihesabu vizuri sana, noti kwa noti, kwa mwanga wa tochi. Vichwa hakuvihesabu. Mtoto aliyebebwa hakuwa na nauli, basi hakuwepo. Jaketi la kujiokolea? Hata neno lenyewe nimelijulia huku. Tuliambiwa tukae chini tusitikisike, na kama maji yakiingia tutumie sufuria. Mama alinipa sufuria yetu nishike. Sikuogopa, niliona ni mchezo wa kijasiri. Watoto wana bahati hiyo.

Watu wanadhani hatari ya ziwa ni mawimbi tu. Tanganyika kweli ina mawimbi. Ni ndefu zaidi ya kilomita 670, na upepo wa kusini wa kiangazi ukipata nafasi yote hiyo wa kukimbia, unafika kwako ukiwa na hasira. Kina chake ni zaidi ya mita 1,400, anayezama huko hatafutwi. Lakini wimbi linalompindua mtumbwi uliojaa kupita kiasi mara nyingi ni lile lile ambalo mtumbwi wenye mzigo wa kawaida ungepanda na kushuka. Watu wakizidi, ukingo wa chombo unakaribia maji. Wakikaa juu ya mizigo, uzito unapanda juu. Upepo ukivuma wote wanakimbilia upande mmoja, na hapo si ziwa tena linalopindua, ni sisi wenyewe. Desemba 2014 MV Mutambala, iliyotoka Kalemie, ilizama hivyo, imejaa watu na mizigo, upepo ukaikuta. Zaidi ya watu 120 walikufa. Nani anaweza kusema ni wangapi hasa, kama hakuna aliyejua ni wangapi waliopanda?

Na meli kubwa haiponi kwa ukubwa wake. Mei 1996, miezi michache kabla sisi hatujavuka, MV Bukoba ilizama Ziwa Viktoria karibu na Mwanza. Ilikuwa imeruhusiwa abiria 430. Waliokufa peke yao wanakadiriwa zaidi ya 800. Wa madaraja ya juu walikuwa na orodha. Daraja la tatu, la watu wa ndizi na mabegi, halikuwa na orodha kabisa. Meli ilipinduka, ikabaki inaelea tumbo juu, na walio ndani wakawa wanagonga kuta. Waokoaji wakatoboa chuma ili wawatoe. Hewa iliyokuwa ndani, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiishikilia isizame, ikatoka, na meli ikashuka. Kila nikifika hapo kwenye kisa hiki naacha kusoma kwa muda.

Sasa Kagunga. Wengi wenu mnaosoma hapa mlikuwepo, mtanisahihisha. Mwaka 2015 Warundi walipokimbia machafuko walishukia kwenye kijiji hicho kidogo cha wavuvi, mlima mgongoni, ziwa usoni, bila barabara ya gari. Walifika makumi ya maelfu. Kipindupindu kikaingia, watu wakaanza kufia ufukweni huku wanaiangalia njia ya kutokea, maana njia ilikuwa moja tu, maji. Ikaletwa Liemba, bibi wa miaka mia. Kwa sababu hakukuwa na gati, boti za wavuvi zilibeba watu kutoka mchangani hadi ubavuni mwa meli, kama ilivyofanyika vijiji vyote siku zote. Meli ilichukua abiria 600 kwa safari, ikashusha Kigoma, ikarudi.

Mia sita. Ilikuwa namba ya kikatili, na wafanyakazi wa misaada wanaosoma hapa wanajua zaidi yangu. Ufukweni kuna mama ana mtoto anaharisha, meli iko pale anaiona, inaonekana ina nafasi kwenye sitaha, na mtu anainua mkono anasema basi, imejaa, subirini inayofuata. Pengine walitukanwa, pengine kuna waliokufa wakisubiri. Mimi nisingetaka kuwa mwenye mkono ule. Lakini safari baada ya safari, meli kongwe kama ile, na haikupinduka.

Wakati huo nilikuwa najitolea hapa Nyarugusu kupokea wageni wanaoshuka kwenye mabasi. Bibi mmoja wa Kirundi alinisimulia, tukiwa tunasubiri uji, kwamba alipokanyaga meli mtu alimnyooshea kidole akasema namba: mia nne na kumi na mbili. Alidhani ni bei. Akamwambia, mwanangu, sina hela. Yule mtu akacheka, akamwambia, hapana nyanya, hiyo ni wewe. Aliniambia aliirudia ile namba kichwani mpaka Kigoma, mia nne na kumi na mbili, kama mtu anayeogopa kusahau jina lake.

Mimi namba sina. Ninachokumbuka ni mkono wa mama gizani. Kila injini ilipokohoa, mkono wake ulipita juu ya vichwa vyetu, kimoja, viwili, vitatu, mpaka sita, halafu unaanza upya. Kulipopambazuka tukaona milima ya Kigoma, akahesabu mara ya mwisho na tukawa sita. Kwenye mashua yote tulikuwa wangapi usiku ule, na je, ndio hao hao waliokanyaga mchanga asubuhi, hilo sijapata mtu wa kuniambia.