Nyumba za Maendeleo, Michenzani

Nyumba za Maendeleo za Michenzani ni majengo marefu ya ghorofa katika eneo la Ng'ambo, mjini Unguja, Zanzibar. Yamejipanga kando ya barabara mbili zinazokatana, na wenyeji huyaita "treni". Ujenzi wake ulitokana na Mapinduzi ya 1964, chini ya Rais Abeid Amani Karume, kwa ushauri wa wataalamu kutoka Ujerumani Mashariki. Nyumba nyingi za udongo zilibomolewa kupisha mradi huo, na familia zikahamia ghorofani. Desturi ya baraza haikupotea: chini ya majengo wakazi hukutana kunywa kahawa, kucheza bao na kuzungumza siasa. Kati ya vijiwe hivyo, vinavyoitwa maskani, Maskani ya Kisonge ndiyo mashuhuri zaidi.