Picha na Hati: Mombasa katika Kumbukumbu za Wasafiri

Kati ya mwaka 1846 na 1848, nahodha Mfaransa Charles Guillain alizunguka pwani ya Afrika Mashariki katika merikebu Ducouëdic. Maelezo ya safari yake yalichapishwa Paris miaka ya 1856 na 1857, pamoja na albamu ya picha. Baadhi zilichorwa kwa mkono. Nyingine zilitokana na kamera ya awali, daguerreotype, iliyotangazwa Ufaransa mwaka 1839.

Kamera hiyo ilihitaji mwanga wa muda mrefu. Kilichotulia kilinaswa, kilichopita hakikuacha alama. Kuta za Ngome ya Yesu, zilizoanza kujengwa mwaka 1593, zingebaki kwenye bamba, lakini si mchukuzi apitaye kichochoroni. Isitoshe, mchapaji aliweza kuongeza watu kwa mkono wake. Kwa hiyo mtu aonekanaye katika picha ya namna hiyo si ushahidi mpaka maandishi yamthibitishe.

Maandishi yapo. Luteni James Emery, Mwingereza aliyekaa Mombasa kati ya 1824 na 1826, aliandika shajara. Johann Ludwig Krapf, aliyefika mwaka 1844, alikusanya msamiati uliotolewa katika kamusi mwaka 1882, baada ya kifo chake. Hata hivyo, wote walikuwa wageni. Sauti ya mwenyeji imo katika tungo za Muyaka bin Haji, zilizohifadhiwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor. Mtafiti akiziacha tungo hizo, Mvita itabaki kuta zisizo na wenyewe.