Mizani ya kipaji: Jinsi ya kupima maendeleo ya mtoto mchezaji

Kila likizo ya shule, viwanja vya Mariakani, Kaloleni, Mazeras na Rabai hujaa mashindano ya vijana. Anaibuka mtoto wa miaka 13, anawapiga chenga mabeki watatu, anafunga, na kabla ya Magharibi jina lake limeshafika stendi ya matatu. Watu wazima wanasema huyu ni wa Ulaya. Ukimuulizia baada ya miaka mitano unaambiwa yuko kwenye bodaboda, shule aliiacha kidato cha pili, na goti halijapona. Kipaji alikuwa nacho. Ila hakuna aliyempima sawasawa, na waliompima walimpima kwa siku moja.

Makala haya ni mwongozo kwa wazazi, makocha wa mitaani na walimu wa michezo. Yanaeleza namna ya kufuatilia maendeleo ya mchezaji chipukizi, makosa yanayorudiwa, na haki za mtoto pale mgeni anapokuja na ahadi.

Somo kutoka barafuni

Tuanze mbali kidogo, kwenye mpira wa magongo wa barafuni. Mchezo huu si mgeni kabisa kwetu. Barabara ile ile inayopita Mariakani, ukiifuata hadi Nairobi, inakufikisha Hoteli ya Panari yenye uwanja wa barafu ambapo timu ya Kenya, Ice Lions, hufanyia mazoezi. Mwaka 2018 vijana hao walialikwa Kanada wakacheza pamoja na nyota Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, na mwaka 2024 Kenya ikakubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la dunia la mchezo huo.

Sababu ya kuutaja ni kwamba wenzetu wa barafuni wana utaratibu wa wazi wa kuwapima vijana. Kila mwaka klabu 32 za ligi kuu ya Marekani na Kanada, NHL, huketi na kuchagua vijana wa miaka 18 hadi 20 kwa zamu, katika raundi saba. Kabla ya siku hiyo maskauti wao huwa wamewafuata vijana hao kwa misimu kadhaa, wakiandika ripoti baada ya ripoti. Fedha wanazo, video wanazo, wataalamu wanao.

Na bado hukosea. Mwaka 1993 Alexandre Daigle alichaguliwa wa kwanza kabisa, akatarajiwa kuwa nyota wa kizazi chake, lakini hakufikia matarajio hayo. Pavel Datsyuk wa Urusi alichaguliwa wa 171 mwaka 1998, akiwa na miaka 19. Henrik Zetterberg wa Sweden alikuwa wa 210 mwaka 1999, na mlinda lango Henrik Lundqvist, naye wa Sweden, wa 205 mwaka 2000. Hao watatu walikuja kuwa miongoni mwa wachezaji bora wa enzi yao. Ikiwa watu wenye vifaa vyote hivyo wanaweza kuwapita wachezaji 170 kabla ya kumwona Datsyuk, sisi tunaomhukumu mtoto kwa mechi moja ya Jumapili tuna haki gani ya kusema huyu ndiye na yule siye?

Umri wa kweli ndio msingi

Jambo la kwanza kujua ni tarehe ya kuzaliwa. Mwaka 1985 mwanasaikolojia wa Kanada, Roger Barnsley, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti kuhusu miezi waliyozaliwa wachezaji wa magongo ya barafuni. Waligundua kwamba katika timu bora za vijana, waliozaliwa Januari, Februari na Machi walikuwa wengi kupita kiasi, na wa Oktoba hadi Desemba wachache mno. Sababu ni tarehe ya kugawa umri, ambayo ni Januari 1. Mtoto wa Januari humzidi wa Desemba kwa karibu mwaka mzima, ingawa kwenye karatasi ni rika moja. Wakiwa na miaka 10, tofauti hiyo ni sehemu moja ya kumi ya maisha yao. Wa Januari ni mrefu zaidi na ana nguvu zaidi, anachaguliwa, anapata kocha bora na mechi nyingi. Wa Desemba anarudishwa nyumbani.

Utafiti mwingine uliochapishwa 2013 ulionyesha upande wa pili: vijana waliozaliwa nusu ya mwisho ya mwaka na kuchaguliwa kuingia NHL walifanya vizuri kuliko nafasi walizochaguliwa. Maana yake ni kwamba skauti alimwona mdogo akadhani ni dhaifu.

Mpira wa miguu nao hugawa umri kwa Januari 1. Hapa kwetu kuna mzigo wa ziada, nao ni kudanganya umri. Mtoto wa miaka 16 anapochezeshwa na wa 13, kombe litaletwa nyumbani, lakini vipimo vya wote vimeharibika. Mkubwa anasifiwa kwa nguvu ambazo ni za umri wake tu, na mdogo anaambiwa hawezi. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huku kwenye minazi hilo halihitaji maelezo. FIFA ilianza kutumia picha za mifupa ya kifundo cha mkono katika Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2009, kwa hiyo uongo wa kiwanjani unaweza kumfungia kijana mlango wa kimataifa.

Mzazi amkatie mtoto cheti cha kuzaliwa mapema, na kocha aandike tarehe iliyo kwenye cheti hicho, hata kama inamnyima ubingwa.

Mwili haukui kwa ratiba moja

Wavulana wengi hurefuka kwa kasi kubwa wakiwa na miaka 13 au 14, na wasichana mapema zaidi, karibu miaka 12. Lakini hiyo ni wastani. Watoto wawili wa miaka 13 wanaweza kutofautiana kwa ukomavu wa mwili kama vile mmoja amemzidi mwenzake miaka miwili au mitatu. Aliyebaleghe mapema hutamba kwa mbio na mabavu, na wenzake wanapomfikia wakiwa na miaka 17 ubora wake huyeyuka ikiwa hakujifunza kitu kingine.

Katika kipindi cha kurefuka, mtoto anaweza kuonekana amerudi nyuma. Miguu imekuwa mirefu ghafla, mpira unamponyoka, anajikwaa. Wengi huachwa wakati huo, nao ndio wakati wa kusubiri. Maumivu chini kidogo ya pia ya goti au kwenye kisigino ni ya kawaida katika umri huu, na dawa yake ya kwanza ni kupunguza mazoezi na kumwona daktari. Kumfunga bendeji na kumwambia avumilie fainali ndiko kunakozaa magoti mabovu.

Njia rahisi ya kufuatilia: pima urefu wa mtoto ukutani kila baada ya miezi mitatu, andika. Ukiona ameruka ghafla, usimhukumu kwa muhula huo.

Vitu vitano vya kupima

Sisi wa Mariakani tunaijua mizani ya malori kuliko watu wengi. Lori linaweza kuwa ndani ya uzito wa jumla na bado likakamatwa kwa sababu ekseli moja imezidi. Mtoto naye apimwe ekseli kwa ekseli, asipewe alama moja ya jumla.

1. Ufundi. Kudhibiti mpira, pasi, kupiga kwa miguu yote miwili. Kipimo: pasi ngapi ukutani kwa sekunde 30, mguu wa kulia kisha wa kushoto.

2. Akili ya mchezo. Je, anatazama nyuma yake kabla ya kupokea mpira? Anajua pa kusimama wakati hana mpira? Mhesabie dakika 20 za mechi: pasi zilizofika, mipira aliyopoteza, na alichofanya sekunde tano baada ya kuipoteza.

3. Mwili. Mbio za mita 10 na mita 30, zikipimwa kwa saa ya simu kwenye kiwanja kile kile.

4. Moyo na tabia. Anafika kwa wakati? Akikosolewa ananuna au anajaribu tena? Timu ikifungwa anawalaumu wenzake?

5. Shule na nyumbani. Anahudhuria masomo? Anakula kabla ya mazoezi? Anatembea umbali gani kufika kiwanjani?

Rudia vipimo mwanzo wa kila muhula na uviandike kwenye daftari moja kwa kila mtoto. Kisha mlinganishe mtoto na daftari lake mwenyewe. Aliyepiga pasi 14 Januari na 22 Septemba anakua kwa kasi kuliko aliyeanza na 25 akabaki na 25, japo huyu wa pili ndiye anayeshangiliwa leo. Kasi hiyo ya kujifunza ndiyo maskauti wazuri huitafuta.

Walinda lango wahesabiwe peke yao. Nafasi hiyo hukomaa polepole. Pwani iliyomtoa Mahmoud Abbas, aliyelinda lango la Kenya enzi tulipotwaa kombe la CECAFA mara tatu mfululizo, 1981 hadi 1983, isiwe na haraka ya kumfukuza golikipa wa miaka 14 kwa sababu ni mfupi.

Mazingira yetu

Kipimo kina saa yake. Kumpima mtoto pumzi saa tisa za alasiri katika mwezi wa Ramadhani, akiwa amefunga, ni dhuluma, na matokeo yake hayana maana. Mwezi huo mazoezi yawe mepesi karibu na futari au baada ya tarawehe, na vipimo vingoje Shawwal. Jua la Januari nalo si la kupimia mbio mchana. Kadhalika mtoto wa madrasa anayefika robo saa baada ya wenzake asiandikiwe utovu wa nidhamu. Kocha azungumze na ustadhi wapange saa. Na mtoto aliyetembea kutoka mbali bila chakula cha mchana akionekana mzito, swali la kwanza liwe amekula nini.

Wasichana

Kilifi ina heshima ya kipekee hapa. Shirika la Moving the Goalposts lilianzishwa Kilifi mwaka 2001 na limewafikia maelfu ya wasichana kwa mpira, pamoja na elimu ya afya na uongozi. Kwa msichana, vipimo ni vile vile, ila wakati ni tofauti: anarefuka mapema, na umri wa miaka 12 hadi 15 ndio wengi huacha kwa sababu ya kazi za nyumbani, haya, au ukosefu wa sodo na mahali pa kubadilishia nguo. Asiyeonekana kiwanjani si lazima awe amekosa hamu. Kuhusu sitara, wazazi wajue kwamba tangu 2014 kanuni za mpira duniani zinaruhusu rasmi kufunika kichwa, kwa hiyo hakuna refa mwenye haki ya kumvua binti hijabu.

Mgeni akija na ahadi

Hapa ndipo familia huumia. Mtu anafika, anasema amemwona mtoto, kuna majaribio nje ya nchi, inatakiwa pesa ya pasipoti na tiketi. Mzazi akumbuke mambo manne.

Kwanza, kanuni za FIFA zinakataza kumhamisha mchezaji aliye chini ya miaka 18 kwenda klabu ya nchi nyingine, isipokuwa katika hali chache maalumu, kama wazazi kuhama kwa sababu zisizohusu mpira. Anayemwahidi mtoto wa miaka 15 mkataba wa Ulaya au Ghuba ana maswali ya kujibu.

Pili, wakala halali ana leseni ya FIFA, aliyoipata kwa mtihani, na kwa mtoto lazima apate idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi. Omba jina lake kamili ulihakiki kwa shirikisho.

Tatu, klabu inayomtaka mchezaji haimwombi mzazi auze shamba au ng'ombe.

Nne, malezi yana thamani ya fedha, na klabu ndogo hupoteza kwa kutoandika. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine akiwa ndani ya mkataba, asilimia 5 ya bei hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Klabu ya Mariakani iliyomsajili rasmi kwa misimu minne, tangu akiwa na miaka 12 hadi 15, ingestahili asilimia 1 ya bei nzima. Kwa mauzo ya shilingi milioni 100, hiyo ni milioni 1, inayotosha kununua mipira na jezi za miaka mingi. Bila usajili katika shirikisho, hakuna wa kuidai.

Kauli ya mwisho

Watoto wengi tunaowapima hawatakuwa wachezaji wa kulipwa. Hilo ni kweli Mariakani, na ni kweli Kanada pia. Kwa hiyo ekseli ya tano, ya shule na nyumbani, ndiyo isiyoruhusiwa kukatika. Kocha akiona mtoto anang'ara uwanjani huku daftari la darasani likiwa tupu, ana wajibu wa kumwita mzazi kabla ya kumwita skauti. Mtoto ni amana. Daftari la shilingi hamsini, cheti cha kuzaliwa na subira ya misimu mitatu vitamlinda zaidi kuliko sifa za stendi, na yule mdogo wa Desemba aliyeketi benchi leo atapata nafasi ya kuonekana, inshallah.