Mumiani: Habari za Neno Moja na Hofu Iliyolifuata

Walimu wengi wameona jambo hili. Watoto wasimuliwapo hadithi ya zimwi hukodoa macho na kushikamana, kisha huenda kulala wakalala vizuri. Lakini watoto hao hao wakisikia kwamba jana magharibi gari jekundu lilisimama karibu na kisima, hawalali, wala wazazi wao hawalali. Zimwi hula watu wazima wazima. Gari halina hata jino. Basi kwa nini gari litishe kuliko zimwi? Nataka kulitazama swali hili kwa kufuata historia ya neno moja la pwani, nalo ni mumiani.

Kwanza sharti tuutendee haki mwili, maana hofu haingoji ruhusa ya akili. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1872 juu ya namna wanadamu na wanyama wanavyoonyesha yaliyomo moyoni, asimulia jinsi alivyokwenda bustani ya wanyama ya London akaweka uso wake karibu na kioo kinene. Nyuma ya kioo alikuwapo kifutu, nyoka tumjuaye sana huku kwetu. Darwin aliazimu kabisa asirudi nyuma. Nyoka akapiga, naye akaruka nyuma papo hapo, na azimio lake lisimfae kitu, ijapokuwa hakuwa amepata kuumwa na nyoka wa namna ile maishani mwake. Mwaka 1915 Walter Cannon wa Marekani, mtaalamu wa kazi za mwili, alieleza yatokeayo ndani wakati kama huo: tezi zilizo juu ya mafigo hutoa adrenalini, moyo huenda mbio, sukari huongezeka katika damu, na mtu huwa tayari kupigana au kukimbia. Yote hayo hutangulia swali la kama habari ni kweli. Kwa hiyo mwalimu amchekaye mwenye hofu na kumwita mjinga hajamfahamu, na tena Darwin hakuwa mjinga.

Walakini hadithi si nyoka. Zimwi wa pwani, yule aliyemtia binti katika ngoma na kuzunguka naye akimwimbisha, amewekewa mpaka. Mwenye kusimulia huanza kwa Paukwa, nao hujibu Pakawa, na hapo wote wamekubaliana kutoka nyumbani kwao na kuingia nchi nyingine. Mwishoni husema kwamba hadithi imekwisha, nao hurudi. Mlango upo wa kuingilia na wa kutokea. Habari ya mumiani haina Paukwa. Yaanza na jina la mtaa.

Neno lenyewe asili yake ni Uajemi. Lilikuwa jina la utomvu mweusi utokao katika miamba, uliosifiwa kwa kuunga mifupa na kuponya majeraha. Yasemekana limetokana na neno la Kiajemi lenye maana ya nta. Watu walipoona maiti za Misri ya kale zimekuwa nyeusi, walidhani zimepakwa dawa hiyo, na jina likahama kutoka dawa hata maiti. Kisha wauza dawa wa Ulaya wakaendelea mbele zaidi: wakazisaga maiti zenyewe na kuziuza ziwe dawa ya kunywa. Ambroise Paré, mpasuaji wa wafalme wa Ufaransa, aliandika mwaka 1582 kuipinga, lakini biashara ile iliendelea muda mrefu baada yake. Neno hili nalitilia mkazo, maana mara nyingi husemwa kwamba watu wa pwani peke yao ndio waliowaza kwamba mwanadamu aweza kufanywa dawa.

Kamusi kubwa ya Kiswahili na Kiingereza iliyosimamiwa na Frederick Johnson na kutolewa mwaka 1939 yaeleza mumiani kuwa dawa nyeusi kama gundi, ya kupaka au kunywa pamoja na samli. Tena yaongeza kwamba wengi husadiki kuwa ni damu ya watu waliouawa, na kwamba uvumi wake ukizuka mji mzima huingiwa na hofu. Hapo twalikuta neno lingali katikati ya safari yake. Hatua iliyofuata yaonekana katika sarufi. Mwanzo husemwa mumiani imeletwa, kama kitu. Baadaye mumiani amepita. Dawa imekuwa mtu, na mtu huyo anatembea usiku.

Nani alimpa miguu? Nadhani mambo yaliyoonekana kwa macho yalisaidia. Vijidudu vya matende huonekana zaidi katika damu usiku, kwa hiyo waganga wa Serikali waliotaka kuvipima iliwapasa kuchukua damu watu walipokwisha lala. Mtu aliyetobolewa kidole usiku wa manane na mgeni mwenye taa, asielezwe sana sababu, hakubuni kitu akisema kwamba damu yake imechukuliwa. Alichokosa ni habari ya ilikokwenda. Nairobi walioshukiwa ni watu wa zimamoto, hata neno wazimamoto likapata maana ya pili. Uganda wakaitwa bazimyomwoto. Na katika Katanga wakatajwa batumbula, neno lenye udugu na kutumbua kwetu. Luise White, aliyekusanya masimulizi hayo na kuyatoa katika kitabu mwaka 2000, hakuona ndani yake majitu wala mapembe. Aliona magari, mashimo, mipira, dawa za usingizi, na watu wenye mshahara.

Sigmund Freud aliandika mwaka 1919 kwamba kitu kitutiacho hofu ya namna hii si kigeni kabisa, bali ni kile tulichokizoea, kilichogeuka. Sina haja ya mafundisho yake mengine, lakini neno hili lafaa. Zimwi hatukumzoea kamwe. Zimamoto tulimpita kila siku akikaa kivulini, akingoja moto ambao hauwaki, na tukajiuliza analipwa kwa kazi gani.

Hofu hiyo ilileta msiba wa kweli. Mwaka 1959, uvumi wa mumiani ulipoenea Dar es Salaam, umati wa watu huko Buguruni ulimwua askari polisi. Waliomwua hawakuwa wakisikiliza hadithi. Kwa mawazo yao walikuwa wakiokoa jirani.

Wala tusidhani kwamba mambo haya yalikwisha pamoja na ukoloni. Mwaka 1995 popobawa alisemwa Pemba, halafu Unguja, akiingia nyumbani na kuwadhulumu watu vitandani mwao. Na mtu mmoja aliyedhaniwa kuwa ndiye aliuawa na umati. Ilinenwa pia kwamba aliyetokewa sharti awaambie wengine, ama sivyo atarudiwa. Sijui uvumi mwingine wa kwetu uliobeba amri yake wazi namna hiyo. Watu wakakimbia vyumba vyao, wakatandika mikeka nje, jamaa na majirani pamoja, wakawasha moto; na hapo penye moto, wakiwa macho hata alfajiri, wakawa wanasimuliana habari zake.